UZI: Kula seti ya dal bhat ya Kithakali katika mgahawa wa mtaani, Lalitpur (Nepal)

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaishi Lalitpur, mji uliopakana na Kathmandu upande wa kusini, ng'ambo ya mto Bagmati, na Watanzania wanaopita huku kwa mikutano au kwa safari za milimani huniuliza mara kwa mara wale nini na wakale wapi. Huwaelekeza kwenye mgahawa wa mtaani, ule wanakokula makarani, madereva wa teksi na wanafunzi, wakaagize seti ya dal bhat (wali na dali, yaani mchuzi wa kunde) ya Kithakali, yaani ya Wathakali, watu wa milimani Nepal. Nimefungua uzi huu ili nieleze sababu kwa kirefu, kwa kuwa wageni wengi huondoka Nepal wakiwa wamekula dal bhat siku baada ya siku, kisha wakifika nyumbani husema kwamba chakula cha huko ni wali na dengu tu. Kauli hiyo huniuma, maana ni vyakula vichache ninavyovijua vilivyofikiriwa kwa undani kama hiki.

Nianze na kinacholetwa mezani. Ni sahani pana ya duara, ambayo katika migahawa inayojiheshimu huwa ya shaba iliyochanganywa na bati, nayo ni nzito na hung'arishwa kila siku. Katikati kuna wali mweupe uliopikwa kwa maji matupu, bila chumvi wala mafuta, na juu yake kijiko cha samli. Kandokando kuna bakuli ndogo ya dali, mboga ya majani ya haradali iliyokaangwa kwa haraka ikabaki na ukijani wake, rojo la viazi na koliflawa, achari ya nyanya, achari ya figili iliyochachuka, gundruki (majani yaliyochachushwa na kukaushwa), kipande cha papadi (mkate mwembamba mkavu wa unga wa kunde), na bakuli ya mtindi. Anayetaka nyama huletewa bakuli ya mchuzi wa kuku au wa mbuzi. Nyama ya ng'ombe hutaiona katika seti hizi, kwa sababu ng'ombe ndiye mnyama wa taifa na sheria inakataza kumchinja.

Wali ule usio na chumvi huwashangaza Waswahili, hasa sisi tuliozoea wali wa nazi au pilau. Hata hivyo ukiutazama kwa makini utaona kwamba ukimya wake ni wa makusudi. Chumvi iko kwenye dali, ukali uko kwenye achari, uchachu uko kwenye gundruki, mafuta yako kwenye samli, na wali ndio unaoyabeba yote bila kushindana na chochote. Mtu akionja wali peke yake akautoa kasoro, bado hajaanza kula.

Dali ya Kithakali ndiyo ninayoipima kwanza ninapoingia mgahawa nisioujua. Hupikwa kwa choroko nyeusi zenye maganda yake, katika chungu cha chuma, polepole, mpaka mchuzi unakuwa mzito na rangi yake inakuwa ya kijivu kinachokaribia weusi. Mwishoni mpishi huchemsha samli katika kikaango kidogo, hutupia jimbu, kisha huimimina samli hiyo juu ya dali ikiwa bado inatokota. Jimbu ni jani jembamba la jamii ya vitunguu linaloota katika nyanda kavu za juu za Mustang na Dolpo, huvunwa na kukaushwa, na likiwa kavu halinukii sana mpaka liguswe na samli ya moto. Hapo ndipo hutoa harufu iliyo kati ya kitunguu maji na kitunguu saumu, lakini yenye moshi kidogo ndani yake. Mgahawa unaotumia kitunguu saumu badala ya jimbu hukupa dali nzuri, ila si dali ya Kithakali, na wenyeji hutambua kwa tonge la kwanza.

Kiungo kingine ni timuri, punje ndogo za mti wa miiba zinazofanana na pilipili manga ya kahawia. Haiwashi kama pilipili. Hutia ganzi ulimini, kisha huacha ubichi unaofanana na wa ganda la limau. Husagwa pamoja na nyanya zilizochomwa, na achari hiyo huchukuliwa kwa ncha ya kidole, si kwa kijiko.

Sasa namna ya kula, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza utamu wote. Usimimine dali yote juu ya wali. Tenga wali kidogo upande ulio karibu nawe, mwagia dali kiasi cha kuulowesha, changanya kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, ongeza mboga au rojo, gusa achari, kisha lisukume tonge mdomoni kwa kidole gumba. Tonge linalofuata libadilishe: safari hii gundruki, nyingine nyama, nyingine samli na dali peke yake. Seti ina vitu vingi kwa kiasi kidogo kidogo ili tonge mbili zinazofuatana zisifanane. Anayevuruga vyote kwa pamoja hula ladha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na huyo ndiye anayerudi nyumbani kusema alikula wali na dengu.

Wala usiogope kwamba dali itakwisha. Muhudumu hupita na ndoo ndogo ya dali, chombo cha wali na sufuria ya mboga, akiuliza kila meza kama aongeze, na nyongeza hiyo haina malipo. Nyama hulipiwa ukitaka tena, lakini wali, dali, mboga na mara nyingi achari huongezwa mpaka useme basi. Kwangu mimi hili ndilo kiini cha chakula chote. Bei uliyolipa si ya sahani, ni ya shibe. Mwenye mgahawa amejifunga kukushibisha, na mlaji amejifunga kutobakiza. Ndiyo maana sahani haijazwi tangu mwanzo kama tunavyojaziwa sisi, na ndiyo maana unaweza kula kwa utulivu, tonge kwa tonge, bila kukadiria kama mchuzi utatosha kuumaliza wali.

Desturi hii ina historia. Wathakali ni watu wa Thak Khola, sehemu ya bonde la mto Kali Gandaki katika wilaya ya Mustang, palipo kati ya mlima Dhaulagiri wenye mita 8,167 na mlima Annapurna wenye mita 8,091. Bonde hilo lilikuwa njia kuu ya biashara ya chumvi: misafara ilishuka kutoka Tibet na chumvi na sufu, na kutoka kusini nafaka ilipanda. Bidhaa zilibadilishana mikono katika mji wa Tukuche, na kando ya njia Wathakali waliweka nyumba za wageni, nyingi zikiendeshwa na wanawake, ambamo msafiri alilipia chakula na kulala kwenyewe kukawa bure au kwa malipo madogo sana. Mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima katika baridi na upepo wa bonde lile hakuhitaji sahani nzuri machoni. Alihitaji kushiba na kupata nguvu ya kesho. Mpaka wa Tibet ulipobanwa baada ya matukio ya 1959, na chumvi ya India ikawa imeshaenea, biashara ile ilikufa, na familia nyingi zikashukia Pokhara, Kathmandu na miji ya tambarare. Walichokuja nacho ni ustadi wa kupika na kukaribisha wageni, na leo neno Thakali kwenye kibao cha mgahawa ni dhamana ya usafi na mkono mzuri jikoni, hata pale ambapo mwenye mgahawa si Mthakali.

Jambo la mwisho ni saa ya kwenda. Wanepali hula dal bhat mara mbili kwa siku, kiasi cha saa nne asubuhi kabla ya kazi na kuanzia saa moja jioni. Mchana kati ni wakati wa vitafunio, yaani momo (vidonge vya unga vyenye nyama au mboga ndani, vilivyopikwa kwa mvuke), tambi za kukaanga na mchele uliopondwa. Ukienda saa tisa alasiri unaweza kupewa seti, lakini utapewa iliyopikwa asubuhi. Nenda saa nne, wakati chungu kimetoka jikoni.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji kutoka Unguja

Ahsante sana, ndugu yangu, kwa maelezo haya yaliyoshiba. Nina maswali mawili. Sisi huku chakula cha heshima huliwa katika sinia moja, watu wanne au watano, na mwenyeji humsogezea mgeni kipande kizuri cha nyama kwa mkono wake. Je, huko marafiki wakienda pamoja hushirikiana sahani, au kila mtu na yake? La pili, kwa Mwislamu, hali ya nyama ikoje?

Mleta uzi

Shukrani, ndugu. Kila mtu na yake, na hapa uwe mwangalifu sana, kwani jambo ambalo Unguja ni ukarimu huku linaweza kumfadhaisha mwenzako. Katika mila za Kihindu za Nepal, chakula au chombo kilichokwisha kuguswa na mdomo wa mtu, au na mkono uliokwenda mdomoni, huhesabika kuwa kimetiwa unajisi kwa mwingine. Kwa hiyo usimmegee rafiki kutoka sahani yako, usiingize kijiko chako katika bakuli ya pamoja, na ukinywa maji kwenye jagi la meza, inua jagi juu uyaachie maji yaingie kinywani bila midomo kugusa. Ndani ya familia mambo hulegea, na vijana wa mjini wengi hawajali tena, lakini mgeni hupendeza akijali. Muhudumu naye anapoongeza wali huudondosha kutoka juu, upawa wake usiguse sahani yako. Ukarimu haukukosekana, umehamia kwenye ule upawa unaorudi tena na tena.

Kuhusu nyama, Waislamu ni kama asilimia 5 ya watu wa Nepal, na wengi wao wako tambarare za kusini. Katika mgahawa wa kawaida wa Kathmandu au Lalitpur usichukulie kwamba kuku au mbuzi amechinjwa kwa sharia. Namshauri Mwislamu aagize seti ya mboga, na ninasema hivi bila kumwonea huruma, kwa kuwa seti ya mboga haipungukiwi na kitu. Nafaka ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, kunde zina lisini nyingi. Kunde zina upungufu wa methionini, asidi amino nyingine, nafaka inayo. Wali na dali vikiliwa pamoja vinakamilishana, na Wanepali wengi huishi hivyo siku nyingi za mwaka, nyama ikawa ya sikukuu. Zaidi ya hapo, nyama ndiyo inayopandisha bei ya seti kuliko kitu kingine chochote.

Mchangiaji kutoka Kisii

Mkuu, umezungumzia wali pekee. Mwenzangu aliyekwenda huko kupanda milima alinisimulia kwamba alikula kitu kilichofanana kabisa na ugali wetu wa wimbi. Je, ni kweli, au ni njaa ya mlimani ilimdanganya?

Mleta uzi

Ni kweli tupu, na ninafurahi umeuliza. Kinaitwa dhido. Maji huchemshwa, unga hutiwa kidogo kidogo huku ukisongwa kwa mti, bila chumvi, mpaka ushikane. Unga wake ni wa nafaka mbili hasa: buckwheat, ambayo hustawi katika baridi ya Mustang, na kodo. Kodo ndiyo hiyo hiyo wimbi yenu, ulezi wa kwetu, mmea ule ule mmoja. Wataalamu wa mimea wanaeleza kwamba asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, na kwamba ulivuka kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Mnepali wa kijijini anayesonga dhido na mama wa Kisii anayesonga ugali wa wimbi wanasonga nafaka ya ukoo mmoja.

Tofauti iko katika ulaji. Dhido ni laini kuliko ugali, na Wanepali hawaitafuni. Humega donge dogo, hulichovya katika dali au mchuzi wa gundruki, kisha hulimeza. Migahawa mingi ya Kithakali hukuruhusu kubadilisha wali kwa dhido, na mara nyingi utaongeza pesa kidogo. Hilo la kuongeza pesa lina maana kubwa. Kwa muda mrefu dhido ilikuwa chakula cha wasiomudu mchele, na familia ikipata uwezo ilihamia kwenye wali mweupe, kiasi kwamba watu wa milimani ambako mpunga hauoti walianza kutegemea mchele unaobebwa kutoka tambarare na kutoka India. Leo wenye nafasi mjini wanairudia dhido kwa ajili ya afya na kwa ajili ya kumbukumbu ya nyumbani kwa bibi. Ninatamani na sisi tuufikishe ugali wa ulezi mezani kwa heshima hiyo hiyo, nyumbani na hotelini, badala ya kuuacha uwe uji wa watoto na wagonjwa peke yake.

Mchangiaji kutoka Doha

Ndugu mleta uzi, heshima kwako, lakini naomba nitie neno tofauti. Mimi ni dereva hapa Qatar, na Wanepali ni wenzetu wa kila siku. Ni miongoni mwa jamii kubwa zaidi za wafanyakazi wa kigeni katika nchi hii. Siku za mapumziko hunichukua kwenye migahawa yao midogo huku Sanaiya, eneo la viwanda la Doha, kwa hiyo chakula hiki ninakijua kwa upande wa mfanyakazi. Wao husema kwamba seti yenye bakuli nyingi ni mtindo wa mjini. Nyumbani kwao ni wali, dali, mboga moja na achari, basi. Tena dali yao wanayoililia si ile nyeusi bali ni ya adesi nyekundu, nyepesi, yenye manjano na uwatu uliokaangwa mpaka ukawa mweusi. Nakuomba usiwafanye wasomaji wadhani kwamba isiyo ya Kithakali ni duni.

Juu ya nyongeza nakuunga mkono kwa asilimia zote. Nimeona watu waliofanya kazi ya ujenzi tangu alfajiri wakiongezewa wali mara nyingi bila mwenye mgahawa kukunja uso. Pesa wanazotuma kwao ni karibu robo ya pato la taifa la Nepal, na wanazipata kwa kubana matumizi. Chakula kimoja kinachoshibisha kwa bei inayojulikana tangu mlangoni ni msaada mkubwa kwa mtu anayehesabu kila riyali.

Mleta uzi

Kaka, neno lako ni zito na nalipokea. Ni kweli kwamba seti ya mgahawani ni chakula cha nyumbani kilichopanuliwa; mgahawa unapika kwa watu wengi, ndiyo maana unaweza kuweka achari mbili na gundruki kwa kila mlaji. Dali ya adesi nyekundu naipenda pia, na katika nyumba nyingi za Lalitpur ndiyo ya kila siku. Ninachowaelekeza wageni ni seti ya Kithakali kwa sababu moja: inawaonyesha kwa mara moja vitu vyote ambavyo wangevikuta kimoja kimoja katika nyumba mbalimbali. Akishavijua, aende akale dali ya adesi kwa mwenyeji wake na ataielewa vizuri zaidi.

Nao Wanewari, wenyeji wa kale wa bonde hili la Kathmandu, wana seti yao nyingine kabisa, ya mchele uliopondwa, soya zilizokaangwa, tangawizi na nyama ya nyati iliyochomwa. Hiyo ina mantiki yake na inastahili uzi wake.

Mchangiaji kutoka Arusha

Naomba kuuliza, dada yangu au kaka yangu: gundruki hasa ni nini, na je, mtu anaweza kuitengeneza huku kwetu? Tuna majani mengi yanayoharibika shambani msimu wa mvua.

Mleta uzi

Ni kaka. Gundruki ni majani ya haradali, ya figili au ya koliflawa yaliyochachushwa kisha yakakaushwa. Ilizaliwa kutokana na shida hiyo hiyo unayoisema: majani yanajaa kwa msimu mmoja, kisha miezi ya ukame haina kitu kibichi. Majani huachwa yanyauke kwa siku moja au mbili, hupondwapondwa kidogo, kisha hushindiliwa kwa nguvu ndani ya mtungi au chupa kubwa mpaka hewa yote itoke na maji yake yenyewe yayafunike. Hakuna chumvi inayotiwa. Mtungi hufungwa na kuwekwa mahali pa vuguvugu kwa wiki moja au zaidi kidogo, na bakteria wa asidi ya maziwa hufanya kazi yao. Yakishatoa harufu ya uchachu safi, hutolewa na kuanikwa juani mpaka yakauke kabisa, na hapo hukaa miezi mingi.

Loshuu ya Arusha ni ndugu wa karibu wa haradali, kwa hiyo sioni sababu ya kushindwa, mradi chombo kiwe safi na ushindiliaji uwe wa kweli. Yakiota ukungu au yakinuka uozo, tupa yote, usijaribu kuokoa nusu.

Mchangiaji kutoka Doha

Niongeze namna ya kupika, kama nilivyofundishwa na wenzangu wa hapa. Loweka gundruki katika maji kwa dakika chache tu. Kaanga soya kavu katika mafuta mpaka zipasuke, ziweke pembeni. Katika mafuta hayo kaanga kitunguu, nyanya, manjano na pilipili kavu, tia viazi vilivyokatwa vidogo, kisha gundruki na maji ya kutosha mchuzi mwepesi. Soya zirudishwe mwishoni ili zisilainike mno. Ukikosa soya, karanga zinafaa. Na ukiwa na ugali wa ulezi, uusonge uwe laini kuliko kawaida.